Nafasi ya Voahangy

Voahangy hakujaliwa mtoto, lakini vijana wa kanisa la Ambatomena walimchosha kuliko watoto wa kuzaa. Alikuwa mjane, mshona mashuka mwenye mdomo mkali, na kila Jumapili baada ya ibada aliwafundisha huruma kwa namna yake: leo wakawafulie wasiojiweza, kesho wale wali mtupu bila kitoweo. Wazee walinung'unika kwamba anawapotezea watoto muda. Yeye aliwajibu kwamba moyo haufundishwi kwa chaki.

Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeilalia milima, aliwapandisha kwenye makaburi ya koo. Kila mmoja asimame penye mlango wa kaburi la mababu zake, awaite kwa majina. Aliona ni wazo jema kabisa. Masikini, hakukumbuka kwamba si kila mtu ana mlango pale juu.

Majina yakaitwa, moja baada ya jingine, na kwa ukungu ule waitaji wenyewe hawakuonekana. Akabaki Lalao, binti ambaye wahenga wake walikuwa watumwa. Alisimama nyasini, mbele ya kaburi la ukoo wa Voahangy mwenyewe.

"Lalao, nenda kwenu," kijana mmoja, Hery, akamtania. Wenzake wakacheka.

"Niko kwetu," Lalao akasema. "Wa kwetu walizikwa hapa nje, wawalindie mabwana mlango. Mwalimu, umewakanyaga."

Voahangy akaitazama miguu yake. Tangu utoto alikuwa akipakanyaga pale.

"Basi waite," akamwambia kwa upole.

"Siwajui majina. Hakuna anayewajua."

Hapo chini ya nyasi, wala si ndani ya kaburi, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu aliyechoka kungoja zamu yake ya kusema. Wote walisikia. Hery alivua viatu bila kuambiwa. Voahangy aliogopa, na hofu ilipopoa ikabaki aibu, nayo aibu haikumtoka tena.

Alimwendea kaka yake Rajaona, mkuu wa ukoo. Alimwomba kwamba siku kaburi litakapofunguliwa ili mifupa ya mababu ivishwe hariri mpya, wale wa nyasini nao waingizwe ndani. Kwa watu wa kule, kukosa kulala na mababu ni kufa mara mbili, na Rajaona alijua pa kumbana.

"Wakiingia hao, dada, wewe huingii."

"Basi nilazeni nao huko nje."

Rajaona alidhani ni utani. Lakini dada mtu alilirudia neno hilo kila mwaka, mpaka kifua kilipomuua.

Siku ya maziko ukoo ukasusa. Sanda ya hariri huvishwa na jamaa tu, na Rajaona akauliza mbele ya watu wote ni nani jamaa wa mtu aliyewakataa mababu zake. Lalao akasimama. Akafuata Hery, kisha vijana wote, huku wazazi wakiwavuta nguo wakae.

Walichimba wenyewe pale nyasini, taratibu, wakichelea kuvunja mifupa. Wakaikuta. Ilikuwa imebanana upande huu na upande ule, kama watu waliosogea kitandani kumpisha mgeni. Katikati palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.