Kura Moja ya Kinyozi

Kisiwa chetu ni kidogo, ukipiga chafya bandarini wa mlimani anakuitikia "afya". Gavana huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, huyo hatumchagui. Tunachochagua ni wajumbe wa baraza. Vyama hatuna, ila kila upande wa kisiwa hutoa mtu wake mmoja.

Upande wetu, kwa miaka mingi, mjumbe alikuwa kinyozi. Asubuhi alinyoa, jioni alikwenda barazani na nywele za watu kwenye mikono ya shati. Safari hii mpwa wake, fundi wa mtambo wa umeme, naye akasimama. Kinyozi akashindwa kwa kura moja.

Kura hiyo ilininyima usingizi. Ilikuwa ya nani? Nikaenda kukaa kwenye benchi la kinyozi, ingawa kichwani sina tena cha kunyolewa.

Zamani tulichagua mchana kweupe, tukijipanga nyuma ya mgombea. Na wagombea walikuwa na adabu yao: kila mmoja aliwaacha watu wake akaenda kuhesabiwa kwa mwenzake. Kujichagua ilikuwa aibu, kama kujipakulia nyama kwenye sahani ya wageni. Sasa kuna pazia, na penseli iliyofungwa kwa kamba wapiga kura waheshimiwa wasije wakaiiba.

Mpwa akaingia kunyoa ndevu, maana kesho yake alikuwa anaapishwa. Kinyozi akampaka sabuni, akatuliza wembe chini ya kidevu.

"Mwanangu, kule nyuma ya pazia ulimpa nani?"

"Nilijipa mwenyewe, mjomba. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu."

"Kwani wewe hukujipa?"

Kinyozi akafuta wembe kwenye kitambaa. "Nilikupa wewe."

Hata mimi niliacha kujikuna. Hesabu yenyewe haikuhitaji chuo: mpwa angeifuata ile adabu, mjomba ndiye angeshinda, kwa kura moja hiyo hiyo.

Kijana akataka kuinuka, povu tele shavuni. "Basi kiti ni chako, mjomba. Nakwenda kumwambia msimamizi."

"Utamwambia nini? Kwamba ulifuata sheria?" Kinyozi akambonyeza bega, akamrudisha chini. "Tulia. Barazani hawaendi na ndevu upande mmoja."

Akaendelea kumnyoa polepole, huku akimweleza ni mjumbe gani husinzia, na yupi asiposalimiwa kwanza hupinga kila kitu.