Mume Wangu Alinivunja Mkono kwa Wazo la Ufunguo Mmoja

Admin, jina langu usiliweke. Nina miaka ishirini na tatu, niliishia darasa la saba, nina binti wa miezi minane. Naandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, wa kulia una hogo, ile plasta ngumu ya mfupa.

Mume wangu anaandika programu kwenye ofisi moja hapa Tanga, ile inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa cha mtandao. Ilimtesa wiki tatu. Kazi zikizidi, mtandao unaganda. Akanieleza ndani mna kufuli, ili kazi mbili zisiguse kitu kimoja kwa mpigo, na kila kazi inajifungia na kujifungulia yenyewe. Moja ikishindwa katikati inaondoka bila kufungua, zilizobaki zinasubiri milele.

Nikamwambia kwetu Mwera kwenye shughuli wapishi hawashiki ufunguo wa stoo. Anaushika mama mmoja mlangoni, anaingiza mmoja mmoja. Ukitoka, umepata mchele hukupata, ufunguo anao yeye.

Akacheka. "Haya, mama pilau." Lakini akazitoa kufuli zote za ndani, akabakiza ya mlangoni tu. Mtandao haukuganda tena.

Jumamosi alasiri bosi wake akaja nyumbani kumpongeza, akamuuliza aliwazaje. Mimi namimina chai, nikasema kwa furaha, "Si ile ya mama wa stoo, baba Nasra?" Bosi akafurahi, akasema Jumatatu ofisini kuna dada anaanza kufundisha kompyuta kwa wasiojua kitu, niende.

Gari la bosi halijafika barabarani, nimeshashikwa nywele. Alinipigiza ukutani, mtoto mgongoni, nikawa nageuza uso ili ukuta unipate mimi. Meno mawili yakatoka. Akachukua mchi akaushusha mkononi, nikasikia mfupa. Kichwa cha mwanangu kilijaa damu, kumbe yangu. Akasema polepole, "Mimi nimesoma, wewe wa jikoni. Unanifundisha kazi mbele ya watu?"

Sasa niko kwa mama. Leo asubuhi mume wangu alikuja na mjomba wake, akalia, akasema ni shetani. Anataka nimpigie bosi niseme nilitania, halafu nirudi. Mama naye anasema mwanangu, ya ndani yaishe ndani. Nampenda bado, siwafichi. Lakini Nasra akisikia sauti ya mwanaume anajikunja kifuani kwangu, na hilo darasa nalitamani mno.

Kesho ndiyo Jumatatu, namba ya bosi ninayo. Ndugu zangu, nimwambie nini, kwamba nilitania, au kwamba nakuja?