Iko, ao Haiko

Mume wangu alikwenda Mokambo, mpakani, kutafuta unga, akaniambia atarudi baada ya siku mbili. Siku ya sita ikafika bila yeye wala habari zake. Alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha shaba, likizo yake ilikuwa imekwisha, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kiwanda.

Siku hiyo, Jumamosi, hakuonekana kwenye salongo, ile kazi ya umma ya lazima. Mchana mjumbe wa chama tawala akaja na daftari. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

"Sitwayeni, bwana yako iko ao haiko?" akauliza, akiniita raia kama chama kilivyoagiza.

Nikisema yupo, angetaka kumwona. Nikisema hayupo, angeandika kwamba ametoroka nchi.

"Siwezi kusema iko, siwezi kusema haiko," nikamjibu. "Sina kitu ya kukuonyesha."

Akasema daftari lake lina nafasi mbili tu, na kwamba angepita tena Jumatatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa darasani, katika sekondari moja ya mtaa uitwao Kenya, mjini kwetu, nikifundisha mantiki. Niliandika ubaoni: kila kauli ama ni kweli, ama si kweli. Chaki ikakatika. Nikawageukia wanafunzi, nikawaeleza jambo lisilokuwamo katika programu. Kanuni hiyo, nikasema, inasimama mkikubaliana kwamba kweli ni jinsi mambo yalivyo, hata kama hakuna anayejua. Lakini wapo wanahisabati wanaoita kweli kile tu walichokithibitisha. Kwao, asiye na uthibitisho haruhusiwi kudai ndiyo, wala hapana, wala kwamba lazima iwe moja kati ya hizo. Mantiki zote mbili ni halali, kwa sababu kila moja inalinda kweli iliyoahidi kuilinda: ukianza na kweli ya namna yake, haikutoi nje ya kweli hiyo.

Msichana mmoja akauliza waandike ipi kwenye mtihani.

"Ile ya kwanza," nikamwambia, nikaona haya.

Alasiri mume wangu akarudi akichechemea. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori, akauguzwa na watu asiowajua. Nililia nikimkanda mguu. Mjumbe alipofika alimkuta ameketi, akampa mkono, akamuuliza habari za njia. Kama alikuwa ameandika kitu Jumamosi, sikuthubutu kuuliza. Kwa miezi mingi, hodi yoyote mlangoni ilinifanya nishike ukuta.