Ukuti Kwenye Kitabu cha Bibi Somoe

Chiku alisomea fasihi ya kale chuo kikuu, na mwaka wa tatu ulipofika hapakuwa na masihara tena. Tasnifu yake ilihitaji utenzi mzima ulioandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, uliohifadhiwa Ndagoni kwa bibi yake, Somoe. Mhadhiri wake alikwishamwambia kwamba bila beti za mwisho hakuna shahada.

Bibi alikitoa kitabu kwa moyo mkunjufu, akafukiza udi, akaweka sharti moja. Katikati palikuwa na kipande cha ukuti. Chiku asome mpaka hapo, asivuke. Ajabu, maana desturi ya nyumba ile ilikuwa kinyume kabisa: anayeufungua utenzi huumaliza na kuufunga kwa Fatiha siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza, baada ya alasiri, Chiku akichambua mchele uani, alisikia mwanamume anasoma utenzi ule katika chumba cha ndani. Akaingia. Hapakuwa na mtu, na kitabu kilikuwa kimefunikwa kitambaa chake. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu akafuatilia kwa daftari alimonakili beti, ubeti kwa ubeti, akagundua kwamba sauti ilikomea palipo na ukuti, kama ya mtu aliyeitwa nje.

Wasomi nao wana ukaidi wao. Siku ya nne, bibi akiwa kisimani, tamaa ya shahada ilishinda woga. Sauti iliponyamaza, Chiku aliondoa ukuti, akaendelea kusoma. Ubeti wa pili tu akajua hasomi peke yake. Pumzi ilikuwa begani pake, ikisoma naye kwa haraka ya mtu aliyechelewa sana. Wakaumaliza pamoja, wakaisoma Fatiha pamoja. Chiku aliitikia "Amina" peke yake; ile pumzi ilikuwa imeondoka.

Alipogeuka, bibi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Hakufoka. Alimweleza kwamba Sudi, baba yake Chiku, ndiye aliyekatiza utenzi pale, alipoitwa akaangue madafu ya wageni. Alianguka kutoka mnazini, akafa, Chiku akiwa na miezi minne.

"Miaka ishirini na miwili namsikia mwanangu kila alasiri," bibi alisema. "Wewe umemsikia siku nne, mjukuu wangu, ukamfunga kwa Fatiha."

Kesho yake walikaa uani wote wawili mpaka adhana ya magharibi. Hawakusikia kitu.