Mzee Aliyemngoja Mbuzi Gaspo

Cheka ukitaka, lakini haya hayakumpata jirani wala shangazi wa mtu. Yalinipata mimi, mchana, tumbo limeshiba na akili zangu timamu.

Mimi ni msusi, nina saluni Kibenga, hapa Bujumbura, na ugonjwa wangu ni mmoja: vitabu vya zamani vya katuni, vile vilivyochorwa kutoka kwenye filamu tulizozitazama utotoni kwenye televisheni ya jirani, tumebanana sakafuni. Mume wangu ananiita mtoto mwenye wajukuu. Katika vyote, nilimpenda zaidi Gaspo, mbuzi anayejiona fundi wa kila kitu. Kisa chake kimoja kilitoka katika vitabu viwili, nami nilikuwa na cha pili tu. Nilijua Gaspo anamwangukia mkuu wa stesheni akiwa amevaa gauni la harusi. Lakini gauni limetoka wapi? Miaka yote sikujua. Wewe ungelala?

Basi siku moja Mama Neema, mwanamke wa Uvira anayeuza makaratasi ya kufungia karanga, akanipigia simu. Amepata mzigo wenye vitabu vya "wanyama wenye suruali". Nikamaliza kichwa cha mteja kwa haraka ambayo hajanisamehe mpaka leo, nikakimbilia kwenye ghala lake huko Quartier Industriel, mtaa wa viwanda.

Mvua ikanishukia mlangoni. Mama Neema alikuwa hapo na chai yake, akanionyesha ndani kwa kidole. Nikaingia.

Juu ya furushi la magazeti alikaa mzee wa Kiarabu, kanzu nyeupe, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Mkononi ana Gaspo. Kitabu cha kwanza! Alikuwa akicheka peke yake, mabega yanaruka.

"Asalam aleikum, baba."

"Waaleikum salam, binti yangu. Unajua kusoma Kifaransa?"

"Najua."

"Basi nisomee. Mi naona picha tu. Watoto walikuwa wananisomea pale dukani, halafu wakatawanyika na wazazi wao. Hakuna aliyerudi kunimalizia."

Paa lilikuwa linavuja juu ya kichwa chake, maji yanadondoka tap, tap. Kanzu kavu kabisa. Niliona, naapa niliona, ila mtu mwenye tamaa macho yake huenda anakotaka. Nikachukua kitabu, nikasoma kwa sauti, namgeuzia kwa Kiswahili. Kumbe Gaspo aliahidi kumshonea bibi harusi gauni, akalijaribu mwenyewe, zipu ikakwama! Tukacheka mpaka nikashika mbavu.

Ukurasa wa mwisho, Gaspo yuko juu ya paa la stesheni, anateleza. Mzee akaisogeza miwani karibu na picha. Akaniuliza taratibu, kama anayeogopa jibu, "Anakufa?"

"Apana, baba! Anamwangukia mkuu wa stesheni, na bibi harusi anacheka mpaka anasahau hasira."

"Alhamdulillahi," akasema, akafuta machozi kwa ukingo wa kanzu. Nikainama kuokota mkoba wangu. Nilipoinuka, juu ya furushi hapakuwa na mtu, nalo limelowa chapachapa.

Miguu yangu ilinitoa nje yenyewe. Mama Neema naye alikuwa amesimama mvuani, chai yake inaingia maji.

"Mama, ulikuwa na nani? Mi nilisikia mwanaume anacheka, na hakuna mutu aliyeingia!"

Nikamweleza. Nilipofikia miwani yenye uzi, akakaa chini kwenye matope. Makaratasi yale, akasema, yalitoka kwenye duka la mzee huyo. Watoto wake walikuwa wameliuza, na yeye mwenyewe alizikwa zamani.

Nilidhani mzee amepata mwisho wa kisa chake, amepumzika. Wapi! Siku hizi nikisoma katuni sebuleni baada ya alasiri, kicheko kinatangulia kabla sijafika penye kichekesho. Mwanzoni mume wangu alihamia chumbani. Sasa anavuta kiti, anasema, "Soma kwa sauti, sisi wawili hatusikii."

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayepekua makaratasi ya zamani hapa Bujumbura: ukikuta mzee anacheka peke yake, kaa umsomee. Lakini usimwanzishie kitabu ambacho mwisho wake huna. Huyo atakufuata nyumbani, na hatakuwa anacheka.