Ombi la Joors Saal

Joors Saal alipofikisha siku ya nne bila kula, dada yake Drieka aliacha kumbembeleza, akamuuliza kwa ukali: basi sema mwenyewe unachotaka. Joors alikuwa na miaka sabini na moja, na mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mgodi wa shaba. Alivuta pumzi mara tatu ndipo akapata ya kusemea.

"Vitunguu-pori," alisema. "Vya maziwa. Kama alivyopika mama."

"Mlima umefungwa, Joors. Unajua."

"Umeniuliza ninachotaka. Hukuniuliza kama mlima umefungwa."

Ndivyo walivyozungumza hao wawili tangu utotoni, na ukidhani waligombana, hukuwajua.

Kule Namaqualand, nyika kavu ya Afrika Kusini, mvua huja na baridi, tena kidogo ya kuhesabu, halafu ardhi ile kavu hutoa maua yake yote kwa pupa, mengi yakitoka kwenye vitunguu vilivyolala udongoni kiangazi kizima. Wageni hufunga safari ndefu kuja kuyapiga picha. Drieka hakuwa na haja ya picha. Yeye alijua kilicho chini ya ua. Vitunguu hivyo wenyewe huviita uintjies. Havizidi ncha ya kidole gumba, na vikichemshwa taratibu kwa maziwa ya mbuzi huwa vitamu kupita nyama. Mama yake alimfundisha kuvichimba akiwa na miaka mitano, na sharti lilikuwa moja tu: unachukua kitunguu mama, wachanga wanaomzunguka unawarudisha shimoni, unafukia, unakanyaga kwa kisigino. Aliyeacha shimo wazi alichapwa. Drieka alichapwa mara mbili, ya tatu haikuhitajika.

Basi akachimba hivyo miaka sitini. Alichimba akiwa msichana wa kuchunga mbuzi, akachimba akiwa na mimba, tena mimba nne, akachimba mwaka aliomzika mumewe. Wanawe wawili waliobaki hai wako Cape Town, hupiga simu Krismasi. Aliyebaki karibu naye ni Abram, mtoto wa marehemu kaka yao Willem, ambaye Drieka alimlea tangu akiwa na miaka mitatu. Huyo naye alimfundisha. Alimpigisha magoti juu ya kokoto, akamwonyesha wachanga, akamwambia weka, fukia, kanyaga. Watu wa Draaiklip, kijiji chao, walimcheka kwamba anamlea mvulana kama bibi kizee. Yeye aliwajibu kwamba wao wanawalea wa kwao kama kunguru, na wakanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli.

Halafu ukaja uzio wa waya. Wanakijiji waliitwa mkutanoni, wakanyweshwa chai na biskuti, wakaambiwa mlima wao sasa ni hifadhi na maua yatalindwa kwa faida yao. Walipotoka nje, nguzo zilikuwa zimeshachimbiwa. Hasira yangu juu ya mkutano ule haijaisha, na sitaificha. Abram akapata kazi ya ulinzi, akavaa sare ya kijani, na Drieka, niseme ukweli, alijivuna. Alimpigia pasi sare ile kwa mkono wake.

Wezi nao hawakukawia. Walitoka mjini na magunia, wakang'oa vitunguu vya maua adimu, vile ambavyo watu wa ng'ambo huvipanda vyunguni kama pambo, wakaacha mlima umetobolewa tobotobo. Miaka miwili hawakukamatwa, kwa sababu mwizi hakai. Anang'oa, anajaza, anaondoka. Wakubwa wa hifadhi wakaanza kuuliza hawa walinzi wanalipwa kwa kazi gani.

Siku ya pili baada ya Joors kuomba, Drieka alichukua fimbo yake ya chuma na mfuko wa unga uliokwisha, akapita chini ya waya. Alikwenda baada ya adhuhuri kwa makusudi. Ua la kitunguu hicho hufunguka mchana mkubwa, na alitaka kuliona limefunguka ndipo achimbe, maana lina ndugu yake mwenye sumu anayeua ng'ombe, na mgonjwa hapikiwi kwa kubahatisha. Kwa saa moja alikuwa na vitunguu arobaini na kitu. Vilishatosha chungu kimoja. Angeinuka pale pale angekuwa nyumbani kabla jua halijapoa.

Lakini wachanga walikuwa wametapakaa kando ya mashimo, weupe, na Drieka hakujua namna ya kuondoka na kuwaacha vile. Akapiga magoti, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Akaanza kuwarudisha mmoja mmoja. Kazi hiyo ikachukua saa nzima nyingine, na bado alikuwa ameinama pale gari la hifadhi lilipopanda kilima. Waliteremka watu wawili. Mmoja alikuwa meneja, kijana wa mjini mwenye kofia pana. Wa pili alikuwa Abram.

"Shangazi," Abram alisema kwa sauti ya chini. "Simama."

"Goti langu unalijua. Ngoja nimalize hivi vitatu."

"Simama, tafadhali. Una nini mfukoni?"

"Unaniuliza mimi nina nini mfukoni? Wewe uliyevila hivi mpaka ukavimbiwa, nikakukanda tumbo na mafuta ya kondoo usiku kucha?" Alimtazama vizuri, akaona hacheki wala hatanii. "Ni vya Joors. Baba yako mkubwa ameomba. Ndicho kitu pekee alichoomba."

Meneja aliangalia mashimo, akaangalia fimbo ya chuma. "Unamfahamu huyu mama?" alimuuliza Abram.

Abram aligeuza uso kuelekea kwenye gari.

"Ni mtu wa kijijini," alisema.

Walimpiga picha ameshika mfuko. Wale wachanga watatu waliokuwa bado mkononi mwake walitiwa mfukoni pamoja na vile vitunguu vingine, kwa kuwa ni ushahidi. Akapelekwa ofisini, akawekwa kwenye benchi hadi jioni, akatia sahihi karatasi ya onyo, akaachiwa. Mfuko ulibaki. Meneja alikuwa na furaha ambayo hakujaribu hata kuificha, kwamba baada ya miaka miwili wamempata wa kwanza.

Alipofika nyumbani Joors alikuwa macho. "Umepata?"

"Nimepata," Drieka alisema.

Sijui angesema nini kingine. Alikwenda kwenye kibanda cha kupikia, akachukua viazi vya dukani, akavikatakata vidogo, akavizungusha kwa kisu mpaka vikawa mviringo. Akavichemsha kwa maziwa ya mbuzi, akatia chumvi na kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, akakaa karibu na chungu kile muda wote ule ambao vitunguu vya kweli huchukua, ili Joors asishtuke kwamba vimeiva upesi. Akampelekea kaka yake, akamlisha kwa kijiko.

Joors alitafuna. Alitafuna muda mrefu, macho yake juu ya dada yake. Kisha akausukuma mkono wake taratibu.

"Drieka," alisema. "Hata mimi? Nakufa nadanganywa?"

Hakula tena. Siku ya tatu asubuhi alikuwa amekwisha, na bakuli lile Drieka hakulitumia tena, alilitupa korongoni.

Abram alikuja mazikoni bila sare. Alichimba kaburi na wenzake, akabeba jeneza, akafukia. Watu walipokuwa wanakula, Drieka alimwendea pale alipokuwa amesimama peke yake karibu na zizi.

"Siku ile mlimani uliniona nafanya nini?"

"Ulikuwa unafukia, Shangazi."

"Mwizi anafukia?"

"Hafukii."

"Hilo ulilijua palepale, au umelijua leo?"

Abram alitazama viatu vyake. "Nililijua palepale."

"Ukasema mimi ni mtu wa kijijini."

"Nina watoto watatu, Shangazi. Kazi nyingine hapa iko wapi?"

"Sijakuuliza habari za kazi," alisema Drieka. "Kula, kisha uende."

Majira ya maua ya mwaka uliofuata Drieka alipita tena chini ya waya, upande wa mtoni. Mara hii hakupiga magoti. Alichoma chuma, akainua bonge zima, mama na wachanga, akalitia mfukoni, akahamia lingine. Nusu saa alikuwa ametoka, na nyuma yake mashimo yalikuwa wazi. Jirani yake Lenie alipopewa bakuli aliuliza mbona vingine vidogo hivi, hata havina cha kutafuna. Drieka alimwambia ale, au alirudishe bakuli. Akaenda mwaka wa pili, akaenda wa tatu. Hakukamatwa hata mara moja. Alikuwa amejua sasa jinsi inavyofanywa.

Mwaka jana mvua ilinyesha vizuri kuliko miaka kumi iliyopita, na upande wa mtoni haukutoa hata ua moja. Mke wa Abram ndiye aliyemwambia Drieka kwamba mumewe alipanda kule peke yake, akakaa kutwa nzima kati ya mashimo, akarudi nyumbani hataki kuongea. Kwenye ripoti yake ameandika ukame.