Dokta wa Jua

Mimi na rafiki yangu tulisoma pamoja, tukaajiriwa pamoja kupima mvua na joto pale uwanja wa ndege. Kisha yeye akapata nafasi ya kwenda Ulaya, mimi nikabaki na vita. Aliporudi alikuwa dokta wa hali ya hewa, mwenye sauti mpya ya taratibu, na redio moja ya mjini ikampa kipindi kila Jumamosi asubuhi.

Alisema dunia inapata joto, ndiyo, lakini si kwa moshi wetu. Jua lina zamu zake. Ziwa letu limepanda na kushuka tangu kabla ya babu zetu. Nilijua anakosea. Lakini mtaa wetu wa Buyenzi wote ulimpenda. Mafundi waliweka spana chini wakasogea redioni. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuniuliza kazini ninapima nini, aliongeza sauti. Moyo ulinichoma.

Nilimfuata kwake Ngagara. "Unawadanganya watu," nikamwambia.

Akacheka, akanimiminia chai. "Basi kuja redioni, ndugu yangu. Bisha na mi mbele ya wote."

Nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa, nilieleza magari, viwanda na misitu inayochomwa, na jinsi hewa chafu inavyolizuia joto lisitoke. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Katika nchi hii kila mutu analaumiwa kwa kitu. Sasa hata jua likiwaka ni kosa letu?"

Mtangazaji aliangua kicheko, akasahau hata kuniuliza swali. Sentensi ile ilikuwa ya uongo, na bado nilitamani ingetoka kinywani mwangu.

Kesho yake nilipopita gereji, fundi mmoja alinishika mkono kwa furaha. "We si ndiye rafiki ya dokta?"

Baadaye risasi zilizidi upande wa kaskazini mpaka zikafika mtaani kwake. Akapata kazi ya kufundisha Ulaya, akaondoka na familia yake. Alikuja kuaga nikiwa kazini. Mke wangu ndiye aliyempokea, na akalia.

Redio ikanipa kipindi. Jumamosi ya kwanza nilisema yote niliyotaka, bila mtu wa kunipinga, nikarudi nyumbani mbio. Mke wangu alikuwa akichambua mboga za lengalenga kando ya redio.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, papa. Ulisema vizuri." Akatupa shina moja pembeni. "Na dokta, yeye atarudi siku gani?"